Sifa za Gremlin, Gari Lililokatwa Mkia

Wenye fedha wana Mustang na Camaro zao, na wa kuyasifu magari hayo hawajawahi kukosekana. Mimi nimejitwika kazi ambayo hakuna aliyeniomba: kuisifu AMC Gremlin, gari la Kimarekani ambalo kwa nusu karne limekuwa likisemewa na wanaolicheka tu. Naisifu kwa ajili ya mtu mmoja maalumu, mwenye mfuko mwepesi na mguu mzito. Anataka gari la zamani la kumpeleka kazini siku za wiki, na Jumamosi alifikishe uwanja wa dragi akakimbize robo maili, mita 402, kisha arudi nalo nyumbani bila kuvutwa. Nyumba yake haiuzi. Mke wake hataki kusikia habari ya mkopo.

Tuanze na nasaba, maana hata mkorofi ana wazazi. Inasimuliwa kwamba Richard Teague, mkuu wa ubunifu wa American Motors, yaani AMC, aliuchora mchoro wa kwanza akiwa ndani ya ndege, juu ya mfuko wa kutapikia. Sidhani ipo karatasi ambayo ingefaa zaidi. Kampuni ilikuwa ndogo, haikuwa na fedha za kuunda gari jipya toka mwanzo, basi ikalichukua gari lake jingine, Hornet, ikalifupisha. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ziliondoka inchi 12, kama sentimita 30, na buti likaenda nazo. Mbele hapakuguswa. Boneti ikabaki ndefu ile ile ya gari la watu wazima, na nyuma ya milango bodi ikakatika ghafla, kana kwamba fundi aliitwa kula akasahau kurudi. Likapewa jina la kile kijishetani ambacho marubani wa Uingereza walikisingizia kila mtambo ulipoharibika angani, likazinduliwa tarehe 1 Aprili 1970, Siku ya Wajinga. Hayo yote kampuni ilijichagulia yenyewe. Hakuna adui aliyeisukuma.

Tazama sasa faida za sura hiyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gremlin haijitembezi hata kidogo: inakaa nyuma ya ghala la mkulima, majani yameota mpaka dirishani, ikimsubiri mtu asiye na haya. Zilitengenezwa zaidi ya 670,000 hadi 1978, na nyingi zililiwa na kutu kabla mtu hajafikiria kuzitunza. Hizo zilizobaki, ubaya wa sura umezifanyia kazi ya mlinzi. Laiti Teague angeichora vizuri, madaktari wa meno waliostaafu wangekuwa wameshazinunua zote, wakazipaka nta na kuzifungia chini ya turubai. Na uwanjani ubaya huo ni mtaji. Mwenye gari jipya la nguvu farasi 450 akikuangalia pembeni ya taa za kuanzia, anatabasamu. Mwache atabasamu. Anayetabasamu hakazi macho kwenye taa.

Sifa nyingine ni ukata wenyewe. Vijana wanaojenga magari ya dragi hukesha gerejini wakitoa viti, kapeti na mazagazaga ili kupunguza uzito. AMC iliwafanyia kazi hiyo kiwandani na ikaiweka kwenye bei. Gremlin ya bei rahisi kabisa ya mwaka wa kwanza, iliyouzwa dola 1,879, haikuwa na kiti cha nyuma, na kioo chake cha nyuma hakikufunguka. Ukitaka abiria wa nyuma, ongeza fedha. Waipa za miaka ile ya mwanzo nazo ziliendeshwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, si kwa umeme. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, mvuto unapotea na waipa zinasimama katikati ya kioo. Walalamishi waliliita jambo hilo hatari. Mimi naliita adabu: gari linatambua kwamba mwenye haraka kiasi hicho hahitaji kuona. Tena uwanja wa dragi haufunguliwi mvua ikinyesha, kwa hiyo hasara iko wapi?

Anasa pia ilikuwepo, nisionekane naificha. Kuanzia toleo la 1973 ungeweza kuagiza Gremlin yenye viti vya Levi's, rangi ya jinzi, vifungo vya shaba na mishono ya rangi ya machungwa. Ila jinzi ya kweli haikukidhi masharti ya usalama wa moto, ikabidi ifumwe nailoni iliyojifanya jinzi. Gari zima lina tabia hiyo hiyo ya kujifanya, na ndiyo maana naliamini.

Lakini sifa kubwa ya Gremlin, ambayo hata maadui wake hawawezi kuikana wakishainama chini ya boneti, ni udugu. Kampuni maskini hukopa kwa majirani, na AMC ilikopa kila mlango. Stelingi ilitoka kwa General Motors. Kabureta za V8 zilitoka kwa Ford. Kuanzia 1972 giaboksi ya otomatiki ikawa ile TorqueFlite ya Chrysler, iliyobandikwa jina jingine kwa heshima ya familia, na hiyo ni kati ya giaboksi imara zaidi zilizowahi kutoka kiwanda chochote cha Marekani cha zama zile. Mwenye gari la ukoo mmoja akikosa spea analia kwa ukoo mmoja. Mwenye Gremlin ana wajomba kila mtaa.

Injini ndiyo raha yenyewe. V8 za AMC za enzi hiyo zina umbo moja kwa nje, iwe 304 yenye lita 5, iwe 360, iwe 401 yenye lita 6.6. Gremlin iliuzwa na 304 kuanzia 1972. Kwa hiyo pale 304 ilipokaa, 401 nayo inakaa, bila kukata chuma wala kuhamisha vikalio. Muuzaji mmoja wa AMC huko Mesa, Arizona, aliyeitwa Randall, aliliona hilo mapema: akachomeka 401 kwenye Gremlin mpya na kuziuza kwa chini ya dola 3,000. Zilijengwa chache sana, kama 20, na gazeti la magari lilipoijaribu mojawapo, ikapita robo maili kwa sekunde 13.90. Mwaka 1972! Gari la kubebea mboga! Mwanambio wa dragi Wally Booth naye alishindana kwa Gremlin katika daraja la Pro Stock, mbele ya wakubwa wa Detroit, na nina hakika kicheko kilipungua kidogo jioni zile.

Mtu wa bajeti ndogo lakini asidanganywe na 401. Kranki na konrodi zake zimefuliwa badala ya kusubiwa, sifa zake ni za haki, na kwa sababu hiyo hiyo wenye nazo wanajua bei. Aende akatafute 360. Jeep iliendelea kuiweka ndani ya Grand Wagoneer, ile yenye ubao wa bandia ubavuni, mpaka 1991. Grand Wagoneer nayo ikishaoza bodi, injini mara nyingi bado inapumua. Akishindwa hiyo pia, ipo silinda sita ya Jeep ya lita 4.0, iliyotengenezwa hadi 2006 na ambayo ni mjukuu halali wa silinda sita iliyokuwa ndani ya Gremlin. Imejaa kwenye yadi za magari mabovu kote Marekani. Weka hiyo, weka turbo ya mitumba, na utakuwa umeunda kitu ambacho hakuna anayeweza kukibashiri kwa kusikiliza mlio.

Njia ya tatu naitaja kwa kunong'ona: V8 ya lita 5.3 kutoka kwenye pikapu za General Motors za 1999 na kuendelea. Hiyo ndiyo nguvu rahisi kuliko zote leo, na karibu kila gari la ajabu linalokimbia Marekani sasa linayo. Wapenzi wa AMC watanuna, na kwa mara hii wako sahihi. Ukishakubali kuwa na Gremlin, umeacha njia ya wenye akili. Kurudi nusu safari ni woga.

Nafika kwenye kasoro, yaani kwenye fadhila zilizojificha. Pampu ya oili ya V8 za AMC imejengwa ndani ya kifuniko cha mbele cha aluminiamu, na aluminiamu inalika. Oili ikitoka hapo inaanza kwa tapeti, beringi za kranki zinangoja zamu. Kwa mwendo wa kwenda sokoni hakuna neno. Kwa mizunguko 6,000 na zaidi, zamu huchelewa. Ndiyo maana wazoefu hufunga bomba la nje la kupeleka oili moja kwa moja nyuma ya injini, na kukagua kile kifuniko kabla ya kununua chochote kingine. Injini nyingine humfanya mwenyewe ajisahau. Hii humfanya atazame geji ya oili kwa ibada kamili.

Ekseli ya nyuma ni falsafa tupu. Katika magari ya kawaida, shafti na kitovu cha gurudumu ni kipande kimoja. AMC ilivifanya viwili, kitovu kikikaa kwenye ncha iliyochongoka ya shafti na kushikiliwa na kipande kidogo cha chuma. Ukiondoka kwa nguvu nyingi na tairi zinazong'ata lami, kitovu huteleza, shafti inazunguka peke yake na gurudumu limetulia. Gurudumu linakataa kushiriki upuuzi, nani asiyelistahi? Dawa yake ni shafti za kipande kimoja, au ekseli ya Ford ya inchi 9, na fedha hiyo itengwe tangu siku ya kwanza.

Kisha uzito. Injini ndefu mbele, mkia uliokatwa nyuma: tairi za nyuma, ambazo ndizo zinazosukuma, hazina cha kuzikandamiza. Kwenye taa zitapiga moshi kwa furaha huku jirani akiondoka. Kuhamishia betri nyuma kunasaidia, pamoja na vyuma vya kuzuia springi zisijikunje, tairi laini zilizopunguzwa upepo, na mguu uliofunzwa subira. Na kwa kuwa gari ni fupi, mita 2.44 kati ya ekseli, likianza kwenda upande linakwenda upande kweli. Usingizi hauwezi kukupata.

Kwa mtu wa aina hii viwanja vya dragi vina rehema iliyopangwa. Katika mbio za kutangaza muda, unaandika kwenye kioo muda unaodhani utapita, na mwenye gari la polepole anaachiwa taa mapema. Ukipita kwa haraka kuliko ulivyoandika, umejishinda mwenyewe. Kinachotafutwa ni gari linalorudia kitu kile kile kila mara, na Gremlin ya sekunde 13 isiyobadilika inaweza kumrudisha nyumbani mwenye Corvette ya sekunde 11 anayebabaika. Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, zinadai kofia ngumu kwa magari ya sekunde 13.99 au pungufu, na kwa magari ya aina hii bomba la kuzuia kupondeka kuanzia 11.49. Kuwa polepole kidogo kunaokoa fedha nyingi za kuchomelea.

Basi ukitafuta, tafuta ya 1972. Mwaka huo ndio V8 na giaboksi ya Chrysler zilipokutana, na bampa kubwa nzito za sheria ya kugongana zilikuwa hazijaja. Lala chali chini yake na tochi, gonga sakafu na fremu ya mbele kwa bisibisi, sikiliza kama chuma ni kizima. Kisha simama, jifute vumbi, utaje bei yako kwa mkulima bila kucheka.