Barua ya Wazi kwa Wauza Vijiaskari: Wapagazi Mmewaficha Wapi?

Sokoni Kariokor,
Nairobi.

Kwa Mkurugenzi wa Mauzo,
Kampuni ya Vijiaskari (jina nimelisitiri),
Uingereza.

Mheshimiwa,

KUH: BIDHAA “INAYOPATIKANA MTANDAONI PEKEE”

Nakusalimu kutoka Kariokor, ambako kitu kisichoshikika hakinunuliki. Hapa mteja wa akala huikunja soli, akavuta kamba, akavaa, akatembea hadi kwenye moshi wa nyama choma na kurudi, ndipo ataje bei ambayo ni nusu ya ile aliyoambiwa. Kwa malezi hayo, utanisamehe nikichelewa kuielewa busara yenu.

Mimi ni mtu mzima na hucheza vita vya mezani: vijiaskari vya milimita 28 vinavyopakwa rangi kwa subira, vinavyosogezwa kwa kipimo cha rula, na dadu ndiyo huamua nani hatarudi nyumbani. Si uhuni wa jana. H. G. Wells aliuandikia mchezo huu kitabu, Little Wars, mwaka 1913, akiwashauri wakubwa wenye hamu ya vita wamalizie hamu hiyo sakafuni kwa vijiaskari vya kuchezea. Mwaka uliofuata wakubwa wakachagua vita vyenyewe, na vita hivyo ndivyo vilivyotuzalia Kariokor.

Maana jina letu, Mheshimiwa, ni la kwenu. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kilikuwa na kambi hapa. Wazee wakalitamka jina lake lilivyowakalia mdomoni, na Dar es Salaam wakapata Kariakoo yao kwa njia hiyo hiyo. Waingereza walimfukuza Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani, naye akasalimu amri Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Magari yalizama topeni, nyumbu wakaangushwa na mbung’o, kwa hiyo vita vikapandishwa vichwani mwa watu: unga, risasi, mahema, hata viti vya maofisa. Wapagazi walioorodheshwa kufa walizidi 40,000, wengi wao bila kuguswa na risasi. Walimalizwa na kuhara, nimonia na unga ulioiva nusu.

Basi nikataka kuvicheza vita vya mtaani kwetu. Katika orodha yenu nikawakuta askari wa bunduki, “wanapatikana madukani”. Maofisa wa Kijerumani na kofia zao, madukani. Bunduki ya rashasha na watu wake, madukani. Wapagazi: “mtandaoni pekee”.

Nikaingia mtandaoni. Fomu ikadai nambari ya nyumba na jina la barabara. Nikaandika, “Kibanda cha tatu ukitokea kwa wachoma nyama, uliza fundi wa akala.” Ikawa nyekundu. Nikaandika sanduku la posta, kama babu na baba walivyofanya. Nyekundu. Nauli nayo ikawashinda bei wapagazi wenyewe. Nilipomaliza kuwaza, ukurasa ukanijulisha kwa upole kwamba wameisha.

Nakubali mna sababu. Kalibu ya chuma ya kumimina plastiki hugharimu maelfu ya pauni, hivyo huchongewa yule atakayeuzwa kwa maelfu. Wanaonunuliwa na wachache humiminwa kwa madini laini katika kalibu ya mpira inayozungushwa, kidogo kidogo. Rafu ya duka ina kodi, mwenye duka ana fungu lake, na mzigo unaolala hula nafasi ya mzigo unaotembea. Kwa hiyo mzigo unaolala huachwa ghalani, ukauzwa moja kwa moja kwa yule anayeujua tayari.

Mzigo unaolala tunaujua hata sisi. Tofauti ni kwamba hapa hupewa msumari wa mbele, upitwe na kila jicho mpaka upate mwenyewe. Ninyi mnauficha nyuma. Usipoulizwa, mnasema hautakiwi.

Hata hivyo nawapongeza kwa uaminifu wenu kwa historia. Mpagazi hakuwahi kupewa rafu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: zaidi ya watu 100,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Ukienda Kenyatta Avenue utamkuta mpagazi mmoja wa shaba, amesimama na askari tangu 1928. Huyo ndiye aliyebahatika kuwekwa dukani. Wenzake walikuwa ghalani tangu zamani. Ninyi mmeongeza tu kitufe cha kubofya.

Nilimsimulia haya fundi wa akala. Hakusema neno. Aliokota kipande cha ngozi, akakata mtu wa urefu wa kidole gumba, akamtwika kibonge cha tairi kwa gundi. Nikamwambia mzigo umemzidi mwenye kuubeba. Akanitazama kama mteja msumbufu: “Mpagazi asiyezidiwa na mzigo si mpagazi, huyo ni mtalii.”

Sasa wako 12 kwenye msumari wa mbele, katikati ya akala na viondo. Watoto huwashika wakitoka shule na kuuliza huyu amebeba nini. Wiki hii wameulizwa zaidi kuliko walivyoulizwa ghalani kwenu.

Mkiwataka, karibuni. Wanapatikana Kariokor pekee. Hatuna tovuti, wala fomu ya kuwa nyekundu. Bei huanzia juu na kushuka kwa kadiri ya ulimi wako. Kuhusu usafirishaji, samahani, hatupeleki. Mtakuja kuubeba mzigo wenyewe.

Wako mtiifu,
Mchezaji wa Vita vya Mezani,
Kibanda cha tatu, Kariokor.