Mama, Wajina na Mzee

Julai hapa Songea si mwezi wa kumtoa mzee nje. Upepo unashuka kutoka Matogoro, na mama alishasema: picha yake itapigwa ndani, kwenye kiti chake, amempakata wajina wake. Wajina ni kitinda mimba wangu, miaka minne.

Nilikuwa na lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, na hamu kubwa ya zile picha ambazo uso unang'aa na nyuma kote ni ukungu laini. Nikafungua tundu lote, nikasogea hadi mita moja, nikapiga. Kwenye kioo cha kamera ilipendeza. Nikaenda kuisafisha siku hiyohiyo.

Mama aliishika karibu na taa, akaitazama kwa muda mrefu. Jicho lake la kulia lilionekana hadi kope moja moja. Sikio lilikuwa limeanza kuyeyuka. Mtoto, aliyeinamia mbele kidogo, alikuwa kama mtu anayechungulia nyuma ya kioo chenye mvuke; na picha ya marehemu baba ukutani ilibaki doa la kahawia.

"Baba," akaniambia taratibu, "mbona umemfuta mwenzangu? Na mzee wako yuko wapi?"

Maneno yale yalinikaa. Mama ni mtu wa kwenda Mahenge, hapahapa mjini, kila tarehe 27 Februari, kwenye kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Kwake aliyetangulia ana haki ya kuonekana.

Usiku nikapiga hesabu. Kwa kamera yangu, mita moja na f/1.8, sehemu iliyo ndani ya fokasi ina kina cha kama sentimita 3: upana wa vidole viwili. Jicho na sikio la mtu mmoja havienei humo, sembuse nyuso mbili. Nikirudi hadi mita 2, kina kinaongezeka karibu mara nne. Nikibana tundu hadi f/5.6, kinazidi sentimita 30. Mama na mjukuu wangeenea. Lakini kubana huko kunabakiza takriban sehemu moja ya kumi ya mwanga, na sebule yetu ina dirisha moja.

Asubuhi, ili nipate hizo mita 2 mbele ya dirisha, tukaanza kuihamisha sebule. Kochi likaenda barazani, meza ikafuata, jirani akauliza kama tunahama. Tulipovuta kabati la vyombo, mguu ukanasa kwenye ufa wa sakafu, mlango ukafunguka, na sahani za harusi ya mama zikamwagika. Tatu zilivunjika. Mke wangu akashika kichwa. Mama hakuzitazama sahani. Alimuuliza mtoto kama amekatwa.

Tukafagia. Nikatoa pazia, nikakigeuza kiti kielekee dirishani, nikapandisha ISO hadi 3200 kufidia mwanga uliopungua. Nilijua picha ingekuwa na chenga; afadhali chenga kuliko mtoto aliyetikisika. Ukungu wa nyuma bado naupenda, unaufanya uso upumue. Ila anayefungua tundu lote anachagua nani asionekane, na mimi nilichagua bila kumuuliza mwenye picha.

Baba alibaki mbali, ukutani. Mke wangu ndiye aliyesema: "Si tumshushe?" Tukaitungua fremu, tukaifuta vumbi, tukaisimamisha juu ya stuli, sambamba na bega la mama. Mtoto nikamwomba aegemee kifua cha bibi yake, mashavu yao yawe mstari mmoja. Mama akaweka mkono juu ya fremu, bila kuambiwa.

Nilipoleta picha ya pili, aliipitishia kidole polepole.

"Mimi. Wajina. Mzee."

Kisha akauliza kama msumari upo.