Mkamwana, Baba Mkwe na Waya wa Bei Poa

Kompyuta mbili za kwetu Kyela zimetenganishwa na ua wa mita 30 hivi. Moja iko nyumba kubwa, ambako mama watoto, mwalimu, huchapa mitihani. Nyingine iko nyumba ndogo nyuma ya migomba, kwa baba, mzee wa kanisa, na printa ni ya kwake. Kwingine ungechukua flashi ukavuka ua, basi. Lakini mila ya Kinyakyusa hairuhusu mkamwana kukutana ovyo na baba mkwe. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, aliyaandika hayo katika kitabu chake Good Company cha 1951: vijana wa kiume walijenga vijiji vyao vya rika, mbali na wazazi. Wahenga walitatua kwa kuhama. Sisi wenye kiwanja kimoja tulibaki na mtoto wetu wa mwisho kama tarishi, na njia yake inapita kwenye mikakao. Flashi ilikuwa ikimfikia babu inanata.

Siku hizi wengi wamelegeza mila hiyo. Baba hajalegeza chochote tangu nimfahamu.

Duka la kwanza Mbeya mjini waliniambia, “Kaka, chukua swichi ya matundu 24, kesho mtapanuka.” Tupanuke kwenda wapi, Ziwa Nyasa? Duka la pili walinitolea ruta yenye antena nyingi, imejikunja kama kaa, kwa bei ya kununua ndama. Shemeji yangu akacheka: kompyuta mbili zinaunganishwa na waya mmoja tu, bila kitu katikati. Alisema kweli. Waya wa mtandao hufika hata mita 100. Kompyuta za zamani zilidai waya wa kupishanisha, ili jozi inayotuma huku iingie kwenye jozi inayopokea kule. Za sasa nyingi hujipanga zenyewe.

Waya aliuleta yeye, wa bei poa. Ukiukwangua, wekundu wa shaba uliishia juujuu, ndani aluminiamu tupu. Kwa kazi ya chumbani ungeweza kuvumilia. Wetu ulipita hewani, kutoka dirisha hadi dirisha, umenyooka vizuri, na mama yangu mzazi akauona.

“Mwanangu, umefanya la maana,” akasema, akaanika vitenge.

Tangu hapo siku ya kufua ilikuwa siku ya mtandao kukatika. Aluminiamu haipendi kuvutwa, sembuse kubeba mablanketi mabichi. Baba akipiga simu kuuliza mtihani wa Darasa la Sita umekwamia wapi, tunachungulia nje: umekwama kwenye shuka.

Kisha ikaja masika, na masika ya Kyela si manyunyu. Radi haina haja ya kupiga nyumba yako. Ikipiga mchikichi wa jirani, waya mrefu wa nje hunasa umeme wa kutosha kuunguza tundu la kompyuta. La baba likaungua. Alitoka barazani akatamka kwamba mkamwana na mkwe hawakupaswa kufungwa kamba moja tangu mwanzo, na hapo hata shemeji hakuwa na jibu.

Tukaishia kwenye ruta ndogo ya mtumba, antena moja, dirishani. Baba akauliza bando litaisha lini. Nikamweleza kwamba kompyuta mbili zikizungumza zenyewe kwa zenyewe hazihitaji intaneti wala bando. Hakuamini. Kila mwezi ananikabidhi hela ya vocha, nami kwa adabu ya mtoto kwa mzazi napokea kwa mikono miwili.

Mvua ikinyesha mtandao huzubaa, maana majani ya migomba yenye maji hunyonya mawimbi. Nilipopendekeza kuikata miwili, mama aliniuliza kama hiyo ruta inazaa ndizi. Na karatasi zikishachapwa kwa baba, bado lazima mtu azilete huku. Hakuna ruta inayofanya kazi hiyo.

Wewe mwenye kompyuta mbili chini ya paa moja, nunua waya wa shaba tupu, ukwangue kwanza mbele ya muuzaji. Kama kuna ua katikati, chukua ruta ndogo. Na kamba ya nguo nunua siku hiyohiyo, kabla hujafika nyumbani.