Nimelipa Kumwona Mbung'o

Kwa miaka kumi na zaidi nimepita Mikumi ndani ya basi la Mbeya, na karibu kila safari nimeona wanyama bila kutoa senti tano. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Pundamilia wanakula kando ya lami kama mbuzi wa Manzese. Mwaka huu watoto wakagoma: wenzao wote shuleni "wameingia ndani". Nikakubali.

Nikaazima Noah ya shemeji. Kiyoyozi, alisema, "kinasumbua kidogo". Maana yake kimekufa, kimezikwa na arobaini imesomwa. Januari, jua la saa sita, na mama mkwe kiti cha mbele anajipepea kwa kadi ya harusi.

Ukifunga vioo mnaiva. Ukifungua, mbung'o hao. Kuna watu wanadhani mbung'o ni nzi tu. Nzi ukimpungia mkono anaondoka. Mbung'o unampiga kofi la haja, anadondoka, anajikung'uta, anarudi kumalizia kazi, na jinzi kwake ni kama chandarua kilichotoboka. Anapenda gari linalotembea, na anapenda rangi nyeusi na bluu. Mama watoto alikuwa ametushonea sare ya familia. Bluu. Muongozaji alitutazama pale getini, akameza mate, akasema, "Mmependeza."

Tukazunguka mbuga ya Mkata saa tatu nzima. Swala tuliona mpaka kitinda mimba akaacha kugeuza shingo.

"Baba, simba yuko wapi?"

"Amelala kivulini."

"Sasa sisi mbona hatujalala?"

Hifadhi ina kilomita za mraba 3,230, na simba wote walikuwa kwenye ile moja ambayo hatukufika.

Kwenye bwawa la viboko nikaona kiboko, yaani masikio mawili na pua. Usiku ndiyo anatoka kula majani; mchana anajilowekea zake, hana deni na mtu. Nikamwonea wivu. Tukiwa bado tunamshangaa, nyani akaingia mlango tuliouacha wazi, akatoka na hotipoti ya chapati. Juu ya mti akazipekua moja moja kama anayechagua khanga, akazinusa, akala zile laini za katikati na kutudondoshea zilizoungua. Mama mkwe, mpishi mwenyewe, hakusema neno.

Saa kumi tukatoka, nyuso zimevimba kama maandazi. Hata kilomita tatu za lami hatujamaliza, nikakanyaga breki: tembo watano, na mtoto wao, wamesimama pembeni ya barabara. Vibao vya pale vinataja faini ya kila mnyama utakayemgonga, na ya tembo sitaki hata kuisoma. Mbele yetu basi la Mbeya limepunguza mwendo, abiria wamejazana madirishani, simu juu, mmoja anatafuna hindi la kuchoma.

Mama mkwe akaweka kadi ya harusi mapajani.

"Mwanangu," akaniambia, "hivi nauli ya basi siku hizi shilingi ngapi?"