Mpiga Debe wa Kompyuta Yetu

Windows na Linux hazijawahi kuonana ndani ya kompyuta yetu. Moja ikiwa macho, nyingine imelala fofofo. Mtu angedhani mifumo isiyoonana haiwezi kukorofishana, na kweli, ikishawaka kila mmoja hufanya kazi zake kwa adabu. Vurugu zote ziko kwenye zile sekunde chache za kuwasha, kabla wowote haujaamka. Hapo mwenye sauti ni GRUB.

GRUB ni programu ndogo iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, na aina nyingi za Linux, ikiwemo Ubuntu yetu, zinakuja nayo. Kazi yake ni ya mpiga debe wa stendi. Gari si lake, usukani hashiki, safari haendi, lakini abiria hapandi kabla hajamsikia. Anasimama kwenye skrini nyeusi na kutangaza: Ubuntu hii hapa, Windows ile pale! Anakupa sekunde kumi. Hukuchagua? Anakusukumia kwenye gari la kwanza na kugonga bodi.

Kwetu gari la kwanza lilikuwa Ubuntu. Mke wangu, ambaye hesabu zote za duka lake ziko kwenye Excel, huwasha kompyuta kisha huenda jikoni kuepua chai. Akirudi, anakuta keshafikishwa Ubuntu. Anazima, anawasha tena, mtoto anamwita, anarudi: Ubuntu. Nikamweleza kwamba ni kubonyeza mshale wa chini tu, kisha Enta.

"Baba watoto," akasema, "mimi sikununua kompyuta ili niivizie."

Zamani ilikuwa vita kabisa. Sehemu ya kwanza ya diski ilikuwa na baiti 512, na katika hizo, 446 tu ndizo za programu ya kuwashia. Nafasi ya mmoja. Aliyeingia wa mwisho ndiye aliyeikalia, na Windows ikisakinishwa haikuwa na desturi ya kupiga hodi. Ukiwasha, Linux yako haionekani, ingawa iko palepale kwenye diski, nzima kabisa. Siku hizi kompyuta zina UEFI: kuna patisheni (kipande cha diski) ndogo ya pamoja ambamo kila mfumo una folda yake, na orodha ya nani aanze inatunzwa kwenye mazabodi. Orodha hiyo ikivurugika, unaingia kwenye mipangilio ya kuwashia kwa F2 au Del, kutegemea mtengenezaji, unairudisha Ubuntu juu, basi. Usimpelekee fundi wa mtaani. Kwake yeye kila ugonjwa dawa ni kupiga Windows upya, na akishapiga, picha za harusi nazo zimekwenda.

Basi likizo ya Desemba akaja mpwa wangu, kijana wa sekondari, mwenye gemu la mpira lisilotosha kwenye diski. Akafungua Windows, akaingia sehemu ya kusimamia diski, akakuta patisheni kubwa isiyo na herufi wala jina. Akaifuta. Jioni kompyuta haikutangaza gari lolote. Ilionyesha neno grub na alama ya mshale, basi, inasubiri uiambie kitu. Mpiga debe alikuwa bado yupo stendi, maana yeye anakaa kwenye ile patisheni ya pamoja. Orodha ya magari ndiyo iliyokuwa ndani ya Linux, na Linux imefutwa.

"Mjomba, palikuwa na nafasi kubwa, tupu, nikaifuta."

"Tupu, halafu ukaifuta?"

Akanyamaza. Kisha, kwa kutaka kusaidia, akaandika kwenye skrini: samahani. GRUB ikamjibu kwamba haiijui amri hiyo. Mimi nikaandika exit, kompyuta ikaruka kwenda Windows, na nyumba nzima ikapumua isipokuwa mimi. Kazi zangu nilikuwa nimezinakili kwenye diski ya nje, na hiyo ndiyo sababu kijana huyu bado ni mpwa wangu.

Lililonishangaza ni hili: kabla ya kufuta patisheni ya namna hiyo, Windows huonya kwamba haikutengenezwa nayo, na kwamba huenda ina data za mfumo mwingine. Mahasimu tunaowasimanga miaka yote, na ndio waliomtetea mwenzao! Kijana alibonyeza Yes kama tunavyobonyeza sote, bila kusoma. Sisemi Windows ni malaika. Agosti 2024 apdeti yake moja ilizuia Linux kuwaka kwenye baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili. Lakini kwa kesi hii haina hatia.

Nikarudisha Ubuntu kwa flashi. Ikarudi na balaa lake dogo. Linux huihesabu saa ya mazabodi kuwa ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Windows huihesabu kuwa ni ya hapa. Kwetu Afrika Mashariki tofauti ni saa 3. Wenzetu wa London wakati wa baridi hawaijui adha hii, kwa kuwa saa yao na ya UTC ni moja. Nilitoka Ubuntu, mke wangu akaingia Windows ambayo siku hiyo haikuwa na bando la kujisahihishia, skrini ikamwambia ni saa tano asubuhi. Ilikuwa saa nane mchana. Akaiamini, na kikobani wakampiga faini ya kuchelewa kikao. Faini niliilipa mimi, kisha nikaandika kwenye Linux amri ya timedatectl set-local-rtc 1, na saa zikaelewana.

Sasa gari la kwanza ni Windows. Anayetaka Linux ndiye anayevizia, na anayetaka Linux ni mimi peke yangu.

Na wewe unayetarajia mpwa likizo hii, mfungulie akaunti yake kwenye Windows, ile ya kawaida isiyo na madaraka ya msimamizi. Ni bure, inachukua dakika chache, na bila nywila yako hatafuta patisheni hata moja.