Jinsi ya Kufuga Kasuku Masisi na Walikale Bila Kuliona Yai

Hatua ya kwanza ni kumpata ndege. Huku kwetu wengi huishia hapo hapo, wakanunua shati jipya na kujiita wafugaji. Huwezi kuwalaumu. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayeuzwa ng'ambo kwa pesa ya kununulia ng'ombe wa maziwa, yuko Walikale bila kupandwa, bila kumwagiliwa, bila kudai mshahara.

Vifaa ni vichache: ulimbo, kijana asiyeogopa urefu, na kasuku mmoja aliyekwisha kunaswa. Huyo wa mwisho ndiye mwajiriwa muhimu. Utamfunga mguu kwenye mti ambao wenzake hupenda kulala, naye atalia. Kasuku ni ndege wa kundi, hawezi kusikia mwenzake analia akapita zake, kwa hiyo watakuja kuuliza kulikoni. Watatua na kunata. Kijana atapanda, atawabandua mmoja mmoja, atawakata manyoya ya mbawa kwa kisu na kuwashindilia kikapuni. Waliofuatilia biashara hii wamekadiria kwamba karibu nusu ya ndege hufa kabla ya kumfikia mnunuzi, kwa kiu, kwa majeraha, kwa kubanana, na wengine kwa hofu tu. Mfugaji wa kuku akifiwa na nusu ya banda hufunga kazi. Wetu huongeza ulimbo.

Usafiri usikusumbue akili. Kutoka kijijini kuna pikipiki, kuna mgongo wa mtu, na njiani kuna bariyeri, ambako kila ajenti atataka kujua kikapu kinaimba nini. Tatizo haliishii kwenye matope ya Walikale. Desemba 2010 karibu kasuku 700 waliotoka Kongo walikufa katika safari ya ndege ya Johannesburg kwenda Durban, safari ya kama saa moja, kwenye nchi yenye lami na taa za barabarani. Kwa hiyo usilaumu barabara ya Walikale kwa kila kitu.

Halafu kuna makaratasi. Tangu 2014 Kongo ina sheria ya kuhifadhi mazingira ya asili, namba 14/003 ya tarehe 11 Februari. Oktoba 2016, kwenye mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vya porini, zilimpandisha kasuku wa kijivu hadi orodha ya kwanza, anakokaa sokwe, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Maana yake biashara ya kimataifa ya ndege aliyetolewa msituni imefungwa. Aliyezaliwa kizimbani, kwa mfugaji aliyesajiliwa, bado anaweza kusafiri. Hapo ndipo utaona faida ya kuwa na kizimba, hata kama ndani yake hakuna kitu zaidi ya muhuri.

Sasa, ndugu yangu, ikiwa wewe ni mmoja wa wale wachache wakaidi wanaotaka yai kweli, soma polepole.

Utanunua dume na jike. Nani atakwambia yupi ni yupi? Kasuku dume na jike wa kijivu wanafanana kichwa, mkia na hasira. Muuzaji atakuhakikishia kwamba huyu mwenye macho makali ndiye baba, na yule mpole ndiye mama. Amewaambia wanunuzi wote hivyo hivyo. Njia ya uhakika ni kupeleka unyoya au tone la damu maabara wapime vinasaba, na ukiipata maabara ya namna hiyo kati ya Nyabiondo na Walikale, tafadhali waulize pia kama wana dawa ya malaria. Usipoipata, utawaweka ndege wako pamoja na kungoja. Watapendana sana, watachanuana manyoya ya shingo, watalishana mdomo kwa mdomo, na mwaka wa nne mke wako atakuuliza kama umewahi kufikiri kwamba ni madume wawili.

Tuseme umebahatika. Lazima wapevuke kwanza, na hilo huchukua miaka kadhaa. Lazima wakubaliane, kwa kuwa kasuku huchagua mwenzi na kushikamana naye. Hapokei posa ya kupangiwa. Wanataka shimo lenye giza ndani ya mti mrefu, au sanduku la mbao linaloiga shimo hilo. Jike atataga mayai mawili hadi manne na kuyaatamia kama mwezi mzima, dume akimletea chakula. Vifaranga watakaa shimoni karibu majuma kumi na mawili kabla ya kuruka. Ukijumlisha yote, yule kijana wa ulimbo amekwisha kujenga nyumba ya mabati wakati wewe bado unapasha sanduku joto.

Msitu wa Walikale hufanya kazi hiyo yote bila kuandika mradi. Wewe ukitaka kuifanya, itabidi kwanza iwepo semina Goma, kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa, yenye chai ya saa nne, posho, na picha ya pamoja mbele ya bango.

Mahali pa kuweka kizimba napo pana maneno. Kasuku wa kijivu ni ndege wa msitu wa joto, na Walikale anajisikia nyumbani. Masisi ni jambo lingine. Milima ile inafaa ng'ombe na jibini. Usiku ukungu unaingia hadi chini ya blanketi. Ukimwacha nje atapigwa na baridi. Ukimwingiza jikoni penye moto atavuta moshi wa makala, na mapafu ya ndege hayavumilii moshi. Chumbani pamejaa watoto. Sebuleni kuna wageni. Wenye busara humwachia kasuku chumba cha baba, kisha baba anazoea jikoni.

Chakula ni rahisi kwa mtu wa Walikale: ngazi. Kasuku anapenda ngazi kuliko sisi tunavyopenda mawese kwenye sombe. Mpe na matunda, mboga za majani, mahindi mabichi. Ukimlisha alizeti tupu ndani ya nyumba isiyo na jua, atapungukiwa kalisi, ataanza kutetemeka na kuanguka kifafa, nawe utampeleka kwa mwombaji badala ya kumtoa nje juani. Mama wa Masisi watataka kumpa avoka, kwa sababu Masisi avoka huanguka zenyewe na mgeni hanyimwi. Mnyime. Avoka ni sumu kwa kasuku. Hilo halina utani.

Tunakuja kwenye maongezi, ambayo ndiyo sababu ya watu kumtaka. Huyu si ndege wa kudharau. Kasuku aliyeitwa Alex, ambaye mtafiti Irene Pepperberg alimnunua dukani Chicago mwaka 1977, alifika mahali pa kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu, mpaka alipokufa 2007. Lakini Alex alikuwa na mwalimu wa chuo kikuu. Wako atafundishwa na nyumba nzima. Ataiga honi ya motari, mlio wa simu ya Airtel, kikohozi cha babu, na jina la mtu ambaye mama watoto hapaswi kulisikia. Na kujifunza neno kunaweza kumchukua miezi, jambo ambalo kwetu lina hatari ya kipekee. Machi 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Walikale mjini, na mwanzoni mwa Aprili walikuwa wameondoka. Kasuku aliyeanza kufundishwa kusalimia utawala ule angeiva kusalimia baada ya utawala kwenda zake. Usimfundishe cheo, usimfundishe kaulimbiu, usimfundishe jina la kundi lolote. Mfundishe «jambo» na «maisha ni magumu»: haya yanakubalika kwenye bariyeri zote.

Akiachwa peke yake atajinyonyoa. Si utani pia: kasuku mwenye upweke hung'oa manyoya yake mwenyewe hadi kifua kibaki uchi, na mnunuzi hataki kuku wa supu. Kwa hiyo panga kukaa naye saa nyingi kila siku. Mkikimbia vita, kizimba kitapanda chukudu pamoja na magodoro, sufuria na bibi. Bibi ataketi nyuma.

Kwa aliyechoka kusikia haya kuna kasuku wadogo wa Australia, wale wa kijani na njano ambao wenye Kifaransa huwaita perushi. John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na watu wamewazalisha vizimbani tangu hapo, basi hakuna haja ya kumpandisha kijana mtini. Kwa kawaida ngozi iliyo juu ya mdomo ni ya buluu kwa dume na ya kahawia kwa jike, hata mtoto wa darasa la kwanza anawatofautisha. Hutaga mayai manne hadi sita, huatamia siku 18 hivi, na vifaranga hutoka kiotani baada ya majuma matano. Wanakula ulezi na mtama. Kasoro yao ni moja: hakuna mtu atakayekupa pesa ya ng'ombe kwa ndege wa gramu arobaini. Ndiyo maana sijaona mtu akikesha juu ya mti kwa ajili yao.

Walionyang'anywa ndege wao wasikate tamaa, wanaweza kwenda kuwatembelea Lwiro, Kivu Kusini, kwenye kituo kilichoanzishwa 2002 kwa ajili ya sokwe yatima. Huko wapo na kasuku waliokamatwa kwa wafanyabiashara, wanangoja mbawa zilizokatwa kwa kisu ziote upya, wale wanaoweza warudishwe msituni.

Jambo la mwisho ni urithi. Kasuku wa kijivu akitunzwa anaweza kufika miaka arobaini, hamsini, hata zaidi. Ukimpata ukiwa na umri wa kuoa, kuna uwezekano mkubwa atakuzika. Papa, andika mapema, mbele ya mashahidi na chifu, maana Masisi tuna kesi za kutosha za ardhi: shamba la ndizi kwa mkubwa, ng'ombe kwa wa pili, na kasuku kwa yule ambaye hatakuja kwenye mazishi.