Mwongozo wa Kufuma Kroshe Huku Mbuzi Anakutazama

Kabla ya yote, ujue umehamia wapi. Annexe ni komini ya saba ya Lubumbashi, na zile sita nyingine zimekaa katikati yake kama mtungi juu ya kata. Kasapa, Luwowoshi, Kalebuka, Kisanga: huku ndiko lami inakokata tamaa na mahindi yanakoanza. Leo ni shamba, kesho pamepigwa vigingi na kamba, mwaka kesho pana nyumba ya matofali na jenereta. Humo ndimo utapata lupango, yaani kiwanja chako, mbuzi wanne, watoto watatu, na shauri la bure la shangazi anayeishi mjini: “Mama, si uko nyumbani siku nzima? Ufume basi, upate hata falanga ya chumvi.”

Usimjibu kwa hasira. Shangazi ana picha kichwani: mama ameketi kivulini, uzi mapajani, watoto wanacheza, mbuzi wanakula majani. Picha nzuri. Anayeijua kazi huiuliza swali moja tu: yule mbuzi kafungwa na nani, na kwa kamba gani?

Anza kwa kuchagua kazi ya mikono, na usichague triko. Triko ina sindano mbili, na muda wote vitanzi vya safu nzima, arobaini au hamsini, vimening'inia juu ya chuma bila kufungwa. Mtoto wa miaka miwili akija na mapenzi yake akaichomoa sindano, asubuhi yako imekwisha. Kroshe ina ndoano moja na kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Ukisikia ugo umevunjika, unakivuta kitanzi kiwe kirefu kama sikio la sungura, unaitupa kazi kapuni, unakimbia. Ukirudi baada ya saa mbili, umejaa matope hadi magotini, utakikuta palepale. Hata kikifumuka, umepoteza mishono mitatu, minne. Wenzetu wanaouliza kwa nini akina mama wengi wa huku wanapenda kroshe hudhani ni mtindo. Ni ugo.

Nkambo zetu, yaani bibi zetu, walijua zote mbili, kwa sababu walifundishwa wakiwa wamekaa. Enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, kabla ya 1960, wake za wafanyakazi waliitwa kwenye foyer social wafundishwe kushona, kufuma na kuogesha watoto, na mbuzi hawakuingia darasani. Ujuzi ukashuka kwa mabinti. Baadaye kampuni, iliyokwisha kuitwa Gécamines, ikayumba, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Hiari ya nani, usiniulize. Familia nyingi zilizozoea mshahara zikajikuta zimeshika jembe. Ndiyo maana pembezoni mwa mji unaweza kumkuta mama anafuma kitambaa cha kiti chenye maua manane, mishono imenyooka kama ya mwalimu, na buti zake zimejaa mavi ya mbuzi.

Sasa mbuzi mwenyewe. Wasio na mbuzi husema mbuzi hula kila kitu. Si kweli. Mbuzi huonja kila kitu kwa ncha ya midomo, polepole, kama mnunuzi wa kitenge, kisha huchagua kilicho ghali. Majani ya viazi ya bure atayaacha, atafuata uzi wa sufu mweupe ulioununua kwa falanga ya sabuni. Ila uzi wa sufu si hatari yake kubwa. Zamani kamba ilitoka kwenye magome ya miti ya miombo. Miombo imegeuka makaa, kwa hiyo siku hizi tunamfunga mbuzi kwa gunia la plastiki la unga lililofumuliwa. Mbuzi aliyefungwa kwenye jua kali bila maji atatafuna kamba yake. Plastiki ikiingia kwenye tumbo kubwa haisagiki, na ikiwa nyingi haitoki: mnyama anavimba, anakonda, anakufa ukidhani ameshiba. Basi masalio ya gunia usiyaache uani, wala vipande vya uzi. Mimi naweka vyangu ndani ya chupa yenye kizibo. Mtoto wangu wa kati huifungua, lakini mbuzi bado hajajua.

Kama una kichuguu katika lupango, shukuru. Huku kwetu viko vinavyopita paa la nyumba. Jirani atakushauri ukichimbe ufyatue matofali. Mpe nusu, nusu uiache. Mtoto akipanda juu anaona mbali, mbuzi akipanda anaona mbali zaidi, na wewe ukikaa upande wa kivuli unawaona wote wawili bila kusimama. Hicho ndicho kiti cha fundi wa Annexe.

Kuna jambo moja nalisema bila mzaha. Ukifuma soksi za mtoto mchanga, zigeuze ndani nje kabla ya kumvalisha, ukate kila uzi uliolegea. Uzi mmoja mwembamba ukizunguka kidole cha mguu hukibana, kinavimba, damu haipiti, naye atalia usiku kucha mkidhani ni tumbo. Mtoto akilia bila sababu, vua soksi kwanza.

Turudi kwenye mzaha, yaani kwenye kalenda. Mvua zikianza Novemba, usijidanganye kwamba utafuma: kuna kupanda mahindi, kisha kupalilia, kisha kupalilia tena. Kroshe yenyewe inataka kiangazi, na soko linaitaka wakati huohuo. Baridi ya Juni na Julai huuma hapa juu, na kila mwenye mtoto mchanga anatafuta kofia na shali. Vizuri. Lakini mahindi yakishavunwa, mbuzi hufunguliwa wazurure kwenye mabua, maana majani yamekauka. Na Julai hiyohiyo shule zinafungwa, watoto wote wako nyumbani hadi Septemba. Kwa hiyo mwezi wenye wateja ndio mwezi ambao mbuzi hawana kamba na watoto hawana mwalimu. Atakayekuambia kuna njia ya kuvipanga vitu hivyo vitatu, mwombe akukopeshe Julai yake.

Ilinikuta mwaka uliopita. Shali ya mtoto mchanga, nyeupe, imebaki safu mbili. Nikaingia ndani kugeuza bukari, si dakika tano. Binti yangu wa miaka minne akapiga kelele kutoka kwenye kichuguu: “Mama! Mbuzi iko nakula shali!” Hakushuka, kwa kuwa nilimwambia asishuke. Nilipofika pembe moja ilikuwa mdomoni, imelowa, imetobolewa tundu la kutosha ngumi, na yule jike ananitazama bila haya hata kidogo.

Mteja alikuwa anakuja saa kumi. Nikaosha, nikakata, nikatafuta mishono mizima, nikafunika tundu kwa ua kubwa la majani sita, nikaongeza ukingo wa mawimbi ili lisionekane peke yake. Alipofika aliikunjua, akaipita yote haraka, akasimama kwenye ile pembe.

“Mama, hii uliifanyaje?”

Nikasema ni mtindo.

Sasa dada yake anataka mbili zenye pembe kama ile. Nimeitundika ya kwanza kati ya hizo mbili ugoni tangu asubuhi, upande wa majani, na yule mbuzi amepita mara tatu bila hata kuinusa.